Ukurasa wa Saba

Waliosema kizuri chajiuza
hawajawahi kuishi ukurasa wa saba.
Huko ndiko alikokuwa shangazi yangu Skaidrīte,
fundi wa kodiani, Liepāja,
ghorofa ya chini, nyuma ya kiwanda cha waya kilichofungwa.

Ukiiuliza injini ya utafutaji, "fundi kodiani,"
vinatangulia viwanda vya Ujerumani,
kisha duka la mitumba la Riga,
kisha keki, naam, keki yenye umbo la kodiani,
na mbele huko, ukijaliwa subira
na mvua isiyokuruhusu kutoka, Skaidrīte.

Nikamwambia: Shangazi, tovuti yako imelala
tangu mwaka wa arusi ya Gunta.
Buibui wa injini hupita usiku,
huchungulia, huona vumbi lilelile,
huenda zake, na wewe unazidi kusukumwa nyuma.
Tuweke mlisho.

"Mlisho ndiyo nini?"

Ni kijikaratasi mlangoni: leo kuna jipya.
Ukiandika mstari, unawafikia wenyewe walioutaka,
na buibui anajua kwa nini arudi.

"Kwa hiyo namlisha mdudu."
Ndiyo.
"Mdudu huyu anakula nini?"

Hapo, Raitis mimi, ndipo nilipoharibu.

Nilimpa makombo ya wenzetu.
Milisho kumi na miwili ya watu nisiowajua,
matamasha ya Vienna, bei za piano, horoskopu,
nikaielekeza yote kwake kama mifereji ya mapaa.
Ikamwagika usiku na mchana, bila mkono wa mtu.
Ukurasa wa tano. Wa nne. Wa pili!
Nikanunua keki (si ile).
Jumatatu ya tatu tukaamka hatupo.
Si wa saba, si wa sabini.
Injini ilikuwa imeonja,
ikatambua sahani za jirani.

Hakunigombeza.
Alichukua kodiani iliyokuwa mezani, akaivuta.
Mvukuto ukajaa, ukashuka, fyuuu,
wala hakuna ulimi uliotikisika.
"Hewa ipo," alisema. "Tena nyingi."
Akanipa gundi nishike.

Tangu siku hiyo aliandika mwenyewe,
kidole kimoja, miwani miwili.

*Jumanne. Kodiani nyekundu ya Ventspils.
Ndani ya mvukuto nimekuta punje za shayiri.
Panya alikuwa mpenda muziki.*

*Alhamisi. Nta ya ndimi imepasuka.
Nimeyeyusha mpya, nimetia utomvu wa msonobari kidogo.
Ukizidisha, sauti inakuwa kavu kama hakimu.*

*Ijumaa. Sikufanya kitu. Goti.*

Nilimsihi afute goti.
Nani anatafuta goti la fundi?
"Umesema mdudu anataka jipya," akajibu.
"Jana halikuuma."

Mlisho ukabeba goti, ukabeba panya, ukabeba nta.
Mwalimu mmoja wa Gotland akaweka kiungo
ili wanafunzi wake wasome habari za shayiri.
Mwingine akamfuata mwalimu.
Machi, ukurasa wa tano. Juni, wa tatu.
Sikugusa kitu; nilikuwa nikihesabu tu
kama mtu anayehesabu ngazi za nyumba asiyoijenga.
Majani yalipoanza kuanguka
tulikuwa ukurasa wa kwanza, wa nne kutoka juu,
chini ya ile keki.

Keki haishindiki. Nimejaribu.

Novemba, mlango ukagongwa.
Mzee mrefu, amelowa, ametoka Klaipėda kwa basi,
kodiani ameilaza ndani ya kigari cha mtoto
na kuifunika blanketi hadi shingoni.
Hakuuliza bei.
Hakuuliza itachukua siku ngapi.
Alivua kofia, akamtazama shangazi
aliyekuwa ameegemea meza kwa mkono mmoja,
akasema kwa Kilatvia cha kuokoteza:

"Na goti, je?"